Ukiacha kazi, umepoteza tabia njema? Uzi kuhusu uraia wa Marekani

Wengi mlikosa mazungumzo ya Jumapili kwa sababu ya tofauti ya saa, na wengine mtandao uliwatupa nje katikati. Nimeandika hapa karibu yote niliyosema. Sheria ya ukurasa huu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaka kumpigania mtu wako, kurasa zake ziko nyingi. Twende.



Nianze na kitu tunachokijua. Mkenya akitafuta kazi anaambiwa alete cheti cha tabia njema. Unachukuliwa alama za vidole, unasubiri, halafu DCI wanakupa karatasi inayosema hawana rekodi yako ya uhalifu. Basi. Hakuna anayeuliza kama unamsalimia jirani au kama uliondoka kwa mwajiri wa zamani vizuri. Kwetu tabia njema ni karatasi, na karatasi yenyewe inatafutwa ili upate kazi.

Marekani wamegeuza. Mtu anayeomba uraia ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ana tabia njema, na kazi alizofanya zinaingia kwenye hesabu. Fomu ya kuomba uraia, ile N-400, inakutaka uandike ulikofanya kazi na ulikosoma miaka mitano iliyopita. Ndiyo maana kwenye vikundi vya WhatsApp vya Wakenya wa kule kuna swali moja linarudi kila wiki, na kila wiki linajibiwa vibaya: eti nikiacha kazi, nikifutwa, nikibadilisha mwajiri, au nikikaa bila kazi, nitaambiwa sina tabia njema na ninyimwe uraia?

Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi ndilo limewatia watu taabani, kwa hivyo nipeni nafasi.

Neno lenyewe ni la zamani. Sheria ya kwanza ya uraia ya Marekani, ya mwaka 1790, ilitaka mwombaji awe mtu wa tabia njema. Ile ya 1795 ikaweka miaka mitano ya ukaaji, na miaka hiyo mitano iko mpaka leo kwa wengi wetu (ni mitatu ukiwa umeolewa au umeoa raia na mnaishi pamoja). Na tusisahau, sheria hiyo ya 1790 ilikuwa ya wazungu huru peke yao. Watu wenye asili ya Afrika walifunguliwa mlango mwaka 1870. Walioandika "tabia njema" mara ya kwanza hawakuwa wanamfikiria mama wa Nyamira anayefanya shifti ya usiku Minnesota.

Mwaka 1952 bunge lao likaweka orodha ya vitu vinavyomwondolea mtu tabia njema moja kwa moja, na orodha hiyo imeongezwa tangu hapo. Mauaji yamo. Uhalifu mkubwa yumo, dawa za kulevya zimo, kufungwa jela siku 180 au zaidi ndani ya kipindi kinachochunguzwa. Ulevi wa kupindukia. Kuvusha watu mpaka kinyume cha sheria. Ndoa ya wake wengi, hiyo nayo imo, na wazee wengine wa kwetu huwa hawaamini nikiwaambia. Kusema uongo chini ya kiapo ili upate manufaa ya uhamiaji.

Upande wa kazi na riziki, orodha inagusa sehemu chache sana. Inamgusa mtu ambaye kipato chake kikubwa kinatokana na kamari haramu. Inagusa ukahaba, hata kama kuna kaunti kadhaa za Nevada ambako unaruhusiwa na sheria za huko. Dawa za kulevya nitazirudia, kwa sababu zimewanasa watu waliokuwa na mkataba wa kazi na wanakatwa kodi kila mwezi.

Soma orodha hiyo juu mpaka chini. Hutapata "aliacha kazi". Hutapata "alifutwa", wala "alikaa miezi minane bila kazi". Hakuna kiwango cha mshahara cha kupata uraia. Watu wanachanganya na ule mshahara anaotakiwa kuonyesha anayemwombea ndugu yake kuingia nchini. Hiyo ni hatua nyingine kabisa.

Sasa, kwa nini watu wanaogopa? Sababu ni mbili, na moja ni ya kweli.

Ya kweli kwanza. Mwisho wa ile orodha kuna sentensi inayosema kwamba hata kama hukuangukia kwenye lolote kati ya haya, bado unaweza kuonekana huna tabia njema kwa sababu nyingine. Yaani afisa ameachiwa nafasi ya kupima. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilitumika kwa kiasi. Tarehe 15 Agosti 2025 idara ya uhamiaji ya kule ilitoa waraka wa sera unaowaambia maafisa wasiishie kuangalia kama mtu amekwepa orodha ya makosa. Wamtazame mtu mzima mzima, wampime na mwenendo wa kawaida wa raia wa mahali anapoishi. Waraka unataja mazuri ya kuangalia: kujitolea katika jamii, kutunza familia, elimu, muda wa kukaa nchini kihalali, kulipa kodi na, msikie hapa, historia ya kazi iliyo thabiti na halali.

Hapo ndipo simu zilianza kulia. Mtu amebadilisha kazi mara nne kwa miaka mitatu kwa sababu makao ya wazee yanafungwa, yanauzwa, yanapunguza masaa. Anauliza: historia yangu ni thabiti?

Mimi nausoma hivi. Waraka unasema kazi thabiti ni jambo la kukuongezea. Hausemi kukosa kazi thabiti ni kosa. Kuna tofauti kati ya mwalimu anayekupa alama za ziada kwa mwandiko mzuri na mwalimu anayekufelisha kwa mwandiko mbaya. Na waraka wa sera haufuti sheria ya bunge. Lakini sitawadanganya: afisa ni binadamu, na kitu kilichoandikwa kama cha kuongezea kinaweza kugeuka kikawa cha lazima pole pole, bila mtu kutangaza. Hilo ndilo jambo la kubishania, na ndilo wanasiasa wa pande zote mbili wanalikwepa kwa kupiga kelele.

Upande mmoja unasema uraia ni heshima ambayo nchi inatoa, na nchi ina haki ya kumjua anayepewa. Siwezi kupinga hilo. Hata sisi tunataka kumjua. Upande wa pili unasema ukimpa afisa mizani isiyo na alama, atapima kwa macho, na macho yana upendeleo. Hilo pia siwezi kulipinga. Kinachonisumbua zaidi mimi kiko katikati, na sikisikii jukwaani: mfanyakazi akiamini kwamba bosi wake ameshika ufunguo wa uraia wake, atavumilia kwa bosi huyo kitu ambacho raia hangevumilia.

Hii ndiyo sababu ya pili ya hofu, na ndiyo ya uongo.

Chukua mfano wa muuguzi. Amesoma huku, amefaulu mtihani wa leseni wa Marekani, wakala amempatia hospitali, na hospitali imemwombea viza ya mhamiaji. Anatua, anakuwa mkaaji wa kudumu, kadi ya kijani inakuja kwa posta. Mkataba unasema miaka mitatu. Anafika anakuta si hospitali aliyoambiwa. Ni makao ya wazee, wagonjwa arobaini usiku, yeye na msaidizi mmoja. Masaa yaliyoahidiwa hayapo. Akisema anataka kuondoka anaambiwa mambo matatu: utalipa maelfu ya dola, tutaandikia uhamiaji wakunyang'anye kadi, na hutapata uraia kwa sababu umevunja ahadi, huna tabia njema.

Tuyachambue.

Faini ni jambo la mkataba, ni kesi ya madai kati ya watu wawili. Haimo katika orodha ya tabia njema. Na si kila faini inasimama mahakamani. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho kule New York iliamua kesi ya wauguzi Wafilipino waliowekewa kifungu cha kulipa dola 25,000 wakiondoka kabla ya mkataba kuisha. Jaji alisema kifungu hicho hakiwezi kutekelezwa, na kwamba kuwatishia wauguzi nacho kulivunja sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Simaanishi kila mkataba utaanguka hivyo. Mwingine una kiasi cha kuridhisha na utakudai kweli. Lakini ujue kwamba anayekutishia naye ana sheria inayomwangalia.

Kadi. Mwajiri hana uwezo wa kukunyang'anya kadi ya kijani. Anaweza kuandika barua, hata kumi. Kadi inaondolewa na serikali kwa utaratibu wa kisheria, si kwa barua pepe ya meneja.

Uraia ndio wenye kona. Unapoomba uraia, afisa hatazami tabia peke yake. Sheria inamtaka ajiridhishe kwamba kadi ya kijani yenyewe ulipewa kihalali. Kwa aliyeingia kwa njia ya kazi, swali ni hili: siku ile unaingia, ulikuwa na nia ya kweli ya kwenda kufanya ile kazi, na mwajiri alikuwa na nia ya kweli ya kukupa? Sheria haijaweka muda wa chini wa kukaa na mwajiri. Mawakili wengi hushauri mtu akae muda wa kuridhisha, lakini huo ni ushauri, haumo katika kifungu. Aliyefika, akafanya kazi, akaona moto, akaondoka baada ya miezi, ana cha kueleza. Aliyetua Dallas akapanda basi kwenda kwa binamu na hakukanyaga hospitalini hata siku moja, huyo atakuwa na kazi ngumu, na ugumu wake hautakuwa kwa sababu aliacha kazi. Utakuwa kwa sababu inaonekana hakukusudia kuifanya.

Kwa hivyo muuguzi wangu, kabla hujaondoka, weka karatasi. Hati za mishahara zote. Ratiba za shifti. Barua ya kazi uliyoahidiwa na barua ya kazi uliyopewa. Ujumbe wa meneja wa saa nane usiku, usiufute. Miaka mitano baadaye utakaa mbele ya afisa, na yeye hajui makao ya wazee yalinukaje. Atajua karatasi.

Wengine mko upande wa lori, sijawasahau. Waraka ule wa 2025 umetaja makosa ya barabarani ya uzembe au ya mara kwa mara kama mfano wa mwenendo unaoweza kuhesabiwa vibaya. Kwa dereva wa Uber au wa lori, anayeshinda barabarani masaa kumi, hiyo ni sehemu ya kazi. Uamuzi wa kukubali mzigo ambao huwezi kuufikisha bila kukimbia kupita kiasi ni uamuzi wa kazi, na unaweza kukufuata.

Sasa nije kwenye maamuzi ya kazi ambayo kweli yanachoma. Haya hayaonekani kama dhambi siku unayoyafanya.

Fomu ya siku ya kwanza kazini. Tangu sheria ya 1986 kila mwajiri Marekani anajaza fomu inayoitwa I-9 na kila mfanyakazi mpya. Kuna visanduku vinne: raia, mtu wa kundi dogo lenye utaifa wa Marekani bila uraia, mkaaji wa kudumu, na mgeni mwenye kibali cha kazi. Ghala linaajiri watu sitini asubuhi moja, mtu wa ofisi anasema "weka tiki hapo juu, sahihi hapo chini, harakisha". Umeweka tiki kwenye raia. Umejidai raia wa Marekani kwa maandishi. Sheria ya 1996 ilifanya jambo hilo kuwa moja ya mambo mabaya zaidi mgeni anaweza kufanya. Linaweza kukutoa nchini, na halina msamaha mwepesi. Na fomu ya uraia inauliza wazi kama umewahi kudai wewe ni raia, wakati wowote, kwa njia yoyote. Kama unasoma hapa na tumbo limekukata, usitume ombi la uraia kwanza. Tafuta wakili wa uhamiaji, umweleze kila kitu, halafu ndio muamue.

Kodi. Mzee mmoja analipa kwa pesa taslimu umtunze mama yake, hakuna hati ya mshahara. Kazi yenyewe ni halali kabisa ukiwa na kadi. Kutoitangaza kwa IRS ndiko kosa. Fomu ya uraia inauliza kama una deni la kodi. Habari njema ni kwamba deni lenyewe si kaburi. Aliyekubaliana na IRS kulipa kidogo kidogo, na analipa, aende na makubaliano hayo na risiti. Hata waraka mkali wa 2025 unahesabu kulipa kodi iliyochelewa kama dalili ya kujirekebisha.

Halafu kuna hii ya kwetu wenyewe. Kumwandika mpwa wako aliye Kisii kama mtu unayemlea, ili urudishiwe pesa zaidi. Najua unamlipia karo. Najua ni mtoto wako kwa kila maana inayotuhusu. Lakini sheria ya kodi ya Marekani inataka mtegemezi ambaye si raia wa Marekani awe anaishi Marekani, Kanada au Mexico. Kisii haimo. Aliyekujazia fomu kule dukani na kukuahidi hela nyingi hatakuwa nawe kwenye chumba cha mahojiano.

Bangi. Colorado ilianza kuuza bangi madukani kihalali Januari 2014, na majimbo mengi yamefuata. Duka lina leseni, linakata kodi, linakupa bima ya afya. Lakini uraia unatolewa na serikali ya shirikisho, na Aprili 2019 idara ya uhamiaji iliandika rasmi kwamba kujihusisha na bangi kinyume na sheria ya shirikisho kunaweza kukunyima tabia njema hata kama jimbo lako limeruhusu. Kufanya kazi katika biashara hiyo kumo. Mimi naona hili ndilo onevu kuliko yote, kwamba jimbo linakupa leseni na nchi inakuita mtu wa tabia mbaya kwa leseni hiyo hiyo. Lakini kuona kwangu hakutakusaidia. Kama una kadi ya kijani na unataka uraia, kazi ya duka la bangi iache.

Halafu kazi bila kibali. Wengi walikwenda na viza ya mwanafunzi, ambayo wakati wa masomo inaruhusu masaa 20 kwa wiki ndani ya chuo. Karo ikazidi, mtu akafanya vibarua nje ya chuo. Baadaye akaoa au akaolewa, akapata kadi ya kijani. Anauliza kama vibarua vile vitamrudia. Kufanya kazi bila kibali ni kuvunja masharti ya viza, ndiyo, lakini hakumo katika orodha ya 1952. Na kwa aliyeombewa kadi na mwenzi wake raia, sheria ilimsamehe kosa hilo kwenye hatua ya kadi. Afisa anachunguza zaidi miaka mitano ya mwisho, ingawa ana ruhusa ya kuangalia nyuma zaidi. Ikiwa ulitumia nambari ya hifadhi ya jamii ya mtu mwingine, hapo ni kosa lingine na wakili ni lazima.

Hatari kubwa iko kwenye chumba cha mahojiano. Umeinua mkono, umeapa. Afisa anauliza: umewahi kufanya kazi bila kibali? Unaona ni jambo la zamani, dogo, unasema hapana. Sasa umeingia kwenye orodha. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kungys, ilisema kwamba uongo wa mdomo chini ya kiapo, ukisemwa kwa nia ya kupata manufaa ya uhamiaji, unaondoa tabia njema hata kama jambo lenyewe halikuwa na uzito. Soma tena hapo. Ukweli usingekuangusha, lakini uongo kuhusu ukweli huo huo unakuangusha.

Ni kweli mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Maslenjak, iliweka mpaka kwa upande wa serikali. Mwanamke aliyetoka Bosnia alikuwa amedanganya kuhusu mumewe kutumikia jeshi. Mahakama ikasema ili raia avuliwe uraia kwa kosa hilo la jinai, serikali ionyeshe kwamba uongo wenyewe ulichangia kuupata huo uraia. Hiyo inamlinda kiasi aliyekwisha kuwa raia. Wewe unayeomba bado uko upande wa Kungys.

Kwa kifupi kuhusu kazi ya ng'ambo: ukipata kazi Gigiri na ukaichukua ukiwa na kadi ya kijani, tatizo lako halitakuwa tabia, litakuwa ukaaji. Kutoka zaidi ya miezi sita kunaleta maswali, mwaka mzima unakata hesabu ya miaka mitano, isipokuwa kwa waajiri wachache waliotajwa kisheria na ukiomba mapema.

Kabla hatujawacheka Wamarekani. Sheria yetu ya uraia ya 2011 inamtaka anayeomba kuandikishwa awe ameishi hapa kihalali miaka saba mfululizo, asiwe amefungwa miaka mitatu au zaidi, na aonyeshe kwamba amechangia au anaweza kuchangia maendeleo ya taifa. Mchango wa mtu wa kawaida ni nini kama si kazi? Wamakonde waliletwa kufanya kazi mashambani Kwale tangu enzi za mkoloni, wakakata mkonge na miwa, na watoto na wajukuu wao wakakosa vitambulisho. Bila kitambulisho hupati kazi ya kuandikwa. Ilibidi watembee kwa miguu kuja Nairobi mwaka 2016 ndipo wakapewa vitambulisho 2017. Walifanya kazi vizazi vitatu na bado hawakuhesabiwa. Kwa hivyo tukisikia mwanasiasa wa nchi yoyote akisema mgeni athibitishe thamani yake kwa kazi, tumuulize na kipimo ni kipi, na nani anakishika.

Nilipokea maswali mengi mwishoni. Naweka matatu.

Mmoja aliuliza akinyimwa ni mwisho? Hapana. Una siku 30 kuomba usikilizwe tena na afisa mwingine, na ukishindwa hapo unaweza kwenda mahakama ya shirikisho, ambako jaji anaanza upya bila kufungwa na maoni ya afisa. Unaweza pia kuomba upya baadaye.

Mwingine alikuwa askari jela hapa nyumbani kabla ya kuhama. Anaogopa kuandika. Fomu inauliza kama umewahi kufanya kazi gerezani, polisi, jeshini, na kadhalika. Kuwa umefanya si kosa. Wanataka kujua kama kuna mateso au ukatili nyuma yake. Andika, na uwe tayari kueleza majukumu yako. Kuficha ndiko kutakuua.

Wa mwisho alifutwa kazi mwaka jana, ghala moja, kwa kuchelewa mara tatu. Akaandika kwamba mtoto alikuwa mgonjwa na basi la kwanza linapita saa kumi na mbili. Anauliza aruke kazi hiyo kwenye fomu, kwani ilikuwa ya miezi miwili tu, nani atajua?

Ndugu yangu, iandike. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Akikuuliza kwa nini iliisha, mwambie ulifutwa kwa kuchelewa, na mtoto alikuwa mgonjwa. Hakuna kifungu katika sheria yote hiyo kinachosema baba aliyechelewa kwa sababu ya mtoto ana tabia mbaya.

Jumapili ijayo, saa tatu usiku ya Nairobi, tutazungumzia uraia wa nchi mbili na watu wanaotaka vyeo serikalini. Leteni maswali, acheni majina ya watu nyumbani.